Msaada: besi inavuma chumba cha kurekodia, mita 3 kwa 3

Mpiga Kinanda:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Morogoro, nimegeuza chumba cha nyumbani kuwa studio ndogo ya kwaya na bendi. Ni mita 3 kwa 3, na kutoka chini hadi juu ni 3 pia. Kuta za bloku na plasta, sakafu ya vigae, juu zege. Nimebandika trei za mayai ukuta wa nyuma na sponji ya inchi 1 pembeni. Mwangwi wa kofi umepungua, ila besi imenishinda. Mpiga besi akigusa Bb, ile ya freti ya kwanza kwenye uzi wa A, kioo cha dirisha kinatetemeka. Nikikaa kwenye kiti changu katikati ya chumba, noti hiyo hiyo naisikia kwa mbali sana. Naiongeza kwenye mixa, mteja akisikiliza kwenye gari anarudi analalamika. Nimebakiwa na laki 3. Ninunue spika nyingine au sponji zaidi?

Fundi Sikio:
Mkuu, vyote viwili acha. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa 6, yaani mara mbili ya urefu wa chumba, unapata 58. Na hiyo Bb ni hezi 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde! Noti inagonga ukuta, inarudi na kukutana na yenyewe: ukutani inajaa, katikati inajifuta. Chumba chenye urefu, upana na kimo tofauti hutawanya mivumo hiyo kwenye noti mbalimbali. Chako ni boksi, yote imeangukia noti moja. Wimbi lake lina mita 6, sponji ya inchi 1 hailifanyi kitu. Sogeza kiti kiwe kama mita 1.15 kutoka ukuta wa mbele, usikilize tena.

Dada wa Alto:
Kaka, hizo trei na sponji zitoe, hasa karibu na nyaya za umeme. Januari 2013 huko Santa Maria, Brazili, cheche za fataki zilishika sponji ya darini kwenye klabu ya Kiss. Watu 242 walikufa, wengi kwa moshi wenye sumu. Chumba chako kina mlango mmoja na unajaza wanakwaya humo.

Fundi Sikio:
Dada yuko sahihi. Hiyo laki 3 anzia kwenye rokuwuli, ile pamba ngumu ya kuzuia joto, haishiki moto. Tengeneza fremu za mbao, jaza unene wa sentimita 15, simamisha kwenye kona kutoka sakafuni hadi juu. Kitambaa cha kufunika kipulizie kwa mdomo kwanza: hewa ikipita, kinafaa. Usifunike kuta zote, sauti za waimbaji zitakauka.

Jirani Mwema:
Na majirani hawatasikia tena?

Fundi Sikio:
Watasikia. Kuzuia sauti isitoke ni kazi ya ukuta mzito na kuziba mianya ya mlango na dirisha.

Mpiga Kinanda:
Wakuu, nimesogeza kiti jana usiku. Bb imeanza kusikika, nikagundua nilikuwa nimeipandisha mno kwenye nyimbo zote 6 za kwaya. Trei nimezitoa. Leo namwona seremala kwa kona 2 za mbele, na nyimbo zile nazirudia bure.