Mjadala: Mkimbiaji akihamia sleji, amejitafutia au ametoroka?

Mwana_Kizingo: Yule Mmarekani wa mbio za viunzi, Lolo Jones: Olimpiki ya Beijing 2008 aongoza, akakwaa kiunzi cha tisa. London 2012 akawa wa nne. Kisha huyoo, Olimpiki ya baridi ya Sochi 2014, ndani ya sleji, kile chombo cha kuteremka mbio barafuni! Mimi naona kala nafasi ya mtu wa barafu. Nyinyi mwaonaje?

Bi_Majengo: Kala vipi? Sleji husukumwa kwanza, kama mita 50, ndipo watu warukie ndani. Msukumaji kazi yake ni miguu. Ukichelewa pale juu, huko chini hufidii.

Bara_Mpaka_Bamburi: Wanaohamia ni walioshindwa uwanjani, basi. Na nyinyi wa Pwani barafu mwaijua ya kwenye juisi tu, tuachieni sisi.

Bi_Majengo: Lauryn Williams kashindwa? Fedha ya mita 100 Athens 2004, dhahabu ya kupokezana vijiti London, fedha ya sleji Sochi. Taja wako.

Hamadi_Kibokoni: Ngoja kwanza, juisi?? Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye ski za thelujini, Olimpiki ya 2018, kazaliwa Kilifi. Si Iten ya wakimbiaji, bwana. Kilifi!

Bara_Mpaka_Bamburi: Amelelewa Austria. Au kuteleza alijifunzia ufuoni Bofa? Philip Boit ndiye alitoka kwenye riadha ya kwetu akaenda kushindana kwa ski Olimpiki ya Nagano 1998.

Hamadi_Kibokoni: Akawa wa mwisho! Mnorwe aliyeshinda ikabidi amngoje.

Bara_Mpaka_Bamburi: Alimngoja kwa heshima, akamkumbatia. Nyinyi 2007 mliletewa mbio za nyika za dunia Mombasa, Bekele mzima, bingwa wa Ethiopia, akaachia njiani kwa joto lenu.

Hamadi_Kibokoni: Joto ni la Mungu. Nani kakulazimisha kuhamia Bamburi?

Dereva_Likoni: Jamani, na wale Wanigeria? Seun Adigun, naye wa viunzi London, alianza na sleji ya mbao ya kujiundia, wakachangisha pesa mtandaoni. PyeongChang 2018 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kwenye sleji ya Olimpiki. Huyo naye kala nafasi ya nani?

Mwana_Kizingo: Huyo sawa, kwao hakukuwa na foleni. Marekani ipo.

Bi_Majengo: Foleni gani? Si wapimwa kwa saa? Mwenye kasi aingie.

Bara_Mpaka_Bamburi: Omanyala wetu na sekunde 9.77 zake za mita 100 asiguswe lakini. Mwende nyinyi wa juisi.

Hamadi_Kibokoni: Aliyezaliwa Kilifi wasema si wetu. Wewe ulokuja juzi Bamburi, hiyo "sisi" yako ni ya wapi? Nangoja.