Tupeane uzoefu: Siku uliyoangalia Avengers: Endgame ulikuwa wapi, na nani, na kitu gani kilikushika?

Mwanzisha uzi

Wakuu habari za Jumapili. Jana usiku umeme umerudi mida ya saa 4 nawasha tv nakuta wanaonyesha Endgame, ile picha ya mashujaa wa Marvel, na imeshafika pale Captain America kabaki peke yake, ngao imevunjika nusu, anakaza mkanda wake mkononi huku jeshi zima la yule adui Thanos limejaa mbele yake. Nikasema naangalia dakika 5 tu nilale. Nimelala saa 7.

Sasa uchambuzi wa hii picha upo mwingi na sio nachotaka hapa, nataka kila mtu aseme alikua wapi, alikaa na nani, na sehemu gani ilimshika. Naanza mimi.

Mimi na mdogo wangu tumekua na hizi picha. Iron Man ya 2008 tuliiona kwenye CD ya kukodi, zile za muvi nane ndani ya CD moja, ikifika katikati inaganda, unaitoa unaifuta na fulana unairudisha, ikigoma unaanza kumhadithia mwenzio ulivyosikia imeishaje. Kuanzia hapo hatukuruka hata moja. Ikaja 2018, mwezi wa 2 tunatoka kumuona T'Challa, yule Black Panther, anakalia kiti cha ufalme Wakanda, na sisi tuliozoea picha ambayo mtu mweusi akitokea unajua huyu hafiki mwisho, mnaelewa ile ilikua na maana gani. Miezi miwili tu baadae Infinity War, Thanos kapiga vidole nusu ya viumbe wote wanapotea, T'Challa anamnyooshea mkono jemadari wake Okoye aliyeanguka, anamwambia inuka, na ule mkono unakua majivu Okoye akiwa ameushika. Ukumbi mzima kimya. Tulitembea mpaka kituo cha daladala hakuna aliyefungua mdomo na mdogo wangu kwa kawaida hanyamazi hata akila.

Tulisubiri mwaka mzima. Aprili 2019 tupo ukumbini Mlimani City, Dar, tiketi tulichukua siku tatu kabla, saa 3 na dakika 1 hatujaenda hata chooni. Ikafika ile sehemu Captain anasikia sikioni sauti ya Sam, rafiki yake aliyepotea na wengine, mduara wa moto unafunguka nyuma yake, na wa kwanza kutoka ni T'Challa, na Okoye upande mmoja na dada yake Shuri upande mwingine. Hapigi kelele, anamwangalia Captain anatikisa kichwa tu, basi. Nyuma yangu kulikua na baba mmoja wa makamo na shati lake la ofisini, alikua mtulivu muda wote, yule baba alisimama akasema kwa sauti "MFALME KARUDI", ukumbi ukalipuka. Mdogo wangu alinishika mkono akaukamata vile alivyokua ananishika tukivuka barabara akiwa darasa la pili. Alikua na miaka 19 siku hiyo. Hajauachia mpaka Tony, yule Iron Man, alipozikwa.

Karibuni.

Binti wa Nyali

Asalaam aleikum wote. Mie niko Mombasa. Mwaka ule Ramadhani ilikuwa yaingia mwanzo wa Mei, na picha yatoka mwisho wa Aprili, kwa hivyo tukaambiana na binamu zangu kama hatwendi wiki hii basi mpaka Idi, na mpaka Idi ushahadithiwa yote. Tukachanga, tukaenda wanne, yule mdogo kabisa akabebeshwa bisi.

Mimi wangu alikuwa ni Natasha, yule Black Widow. Watu wote hapa watataja vita vya mwisho lakini mimi nilianza kulia mapema sana, pale miaka mitano ishapita tangu Thanos apige vidole, amekaa peke yake ofisini, mbele yake mkate na siagi ya karanga hajala, aongea na wenzake mmoja mmoja kila mtu yuko kona yake, wakishaondoka wote ndio ashika uso. Yeye ndiye aliyebaki ashikilia nyumba wakati wenye nyumba wamechoka. Kila ukoo una mwanamke kama huyo, kwetu ni shangazi yangu, babu alipofariki kila mtu akashika njia yake na yeye ndiye aliyekuwa apigia wote simu kila Ijumaa, wasiposhika apiga tena.

Kwa hivyo walipofika Vormir, ile sayari ambayo mmoja lazima afe ndio wapate jiwe, yeye na mwenzake Clint wapigania nani aruke, mimi nilijua. Na nitasema hapa na sitorudi nyuma, walimkosea. Tony alizikwa na watu wote wamesimama kando ya ziwa, Natasha alipata dakika chache za wanaume watano wamekaa wakibishana kama atarudi. Filamu yake mwenyewe ikaja 2021, yeye ashakufa. Ile picha naipenda mpaka leo lakini hapo bado naumia.

Mzee wa deki

Mkuu mwanzisha uzi umenikumbusha mbali, mimi sijaiangalia ukumbini, Mwanza mwaka huo mimi nilikua kibanda umiza na sijutii hata kidogo ngoja niwaambie kwanini.

Kwanza ilikuja kopi ya kamera, unaona vichwa vya watu na mtu anapita na bisi zake mbele ya Hulk, hiyo niliikataa nikasema nasubiri iliyotafsiriwa. Ikaja, shilingi 300 mlangoni, mabenchi yamejaa watoto wamekaa chini mpaka miguuni kwa tv, madirisha yamezibwa na magunia joto lake sio la kawaida. Wale waliokulia kwenye picha za Lufufu wanaelewa, mtafsiri mzuri hatafsiri maneno, anakupa na moyo wa mtu. Huyu alimfanya Thanos aongee kama mwenyekiti wa kijiji aliyeuza ardhi ya watu, taratibu, kwa busara, hana wasiwasi, na watu walimchukia kuliko walivyomchukia kwa kiingereza nakwambia.

Sasa ikafika pale ile nyundo ya Thor, ambayo asiyestahili hawezi kuinyanyua, inatetemeka chini inanyanyuka, inampiga Thanos inapita, inarudi nyuma inadakwa na mkono, kamera inapanda kumbe ni Captain. Watoto wameruka, benchi limeanguka, na umeme UKAKATIKA.

Giza totoro. Watu hamsini na kitu humo ndani. Mwenye kibanda ana jenereta lakini halina mafuta, akatoka na dumu kwa miguu. Tukasubiri kama dakika 40 na hakuna aliyeondoka. Kuna kijana mmoja alikua ameshaiona mjini, watoto wakamzunguka wengine wanambembeleza awaambie wengine wanambembeleza asiseme, mpaka mama mmoja anayekaanga mihogo hapo nje akaja akamwambia we kijana ukifungua mdomo mihogo yangu huli tena. Kijana akanyamaza kweli. Tukiwa gizani watoto wakaanza kuigiza ile nyundo na kandambili, mmoja anarusha mwenzie anadaka. Jenereta likawaka, mwenye kibanda akarudisha nyuma dakika 5 bila kuombwa. Nimeshaona picha nyingi kwenye maukumbi makubwa baada ya hapo, kelele kama ile sijaisikia tena.

Msela wa Thika Road

Mimi yangu ni fupi na bado inaniuma. Nilikuwa nimebuku tiketi ya Jumamosi. Alhamisi nikiwa kwa mathree nafungua stetasi ya mtu tumefanya kazi naye miaka minne, ameweka picha ya Tony na mshumaa. Hakuna neno lingine. Nilizima simu nikaangalia nje mpaka tao. Jumamosi nikaenda bado, na nikiona Tony anacheza na msichana wake mdogo kwa ile nyumba ya ziwa mimi nishajua, kila kitu mtoto anasema inanikata. Wengine waliskia raha ya zile dakika. Mimi nilinyang'anywa.

Mpemba wa Maskati

Nimesoma yote nimekaa kimya mana yangu si ya vita.

Mimi nimekuja Oman 2014, nimemuacha binti yangu ana miaka mitatu. Nilisema nakuja miaka miwili. Kila mwaka kuna jambo, mara kuezeka, mara mama anaumwa, mara kibali, ikawa mitano. Nikenda kuangalia hii picha hapa Maskati siku yangu ya mapumziko, ukumbi umechanganyika Waomani, Wahindi, Wafilipino, chini maandishi ya Kiarabu.

Basi kuna yule Scott, Ant-Man. Amenasa kule kwenye ulimwengu mdogo, panya anapita juu ya mashine anakanyaga kitufe ndo anatoka. Kwake yeye masaa matano, duniani imepita miaka mitano. Anakimbia kwenye yale mawe yaloandikwa majina ya walopotea anatafuta jina la mwanawe, halimo, analikuta lake mwenyewe. Anakwenda nyumbani anagonga, anafungua msichana mkubwa. Wanaangaliana. Mtoto ndo anamjua kwanza.

Nililia kwa sauti, sikuweza kujizuia. Kiti cha nyuma alikaa mzee wa Kiomani kanzu na kilemba, kaja na wajukuu zake, akaniwekea mkono begani akanambia kwa Kiswahili cha Unguja khasa, "Pole mwanangu, umeacha mtoto wapi?" Sikumwambia kitu chochote kabla, alijua tu.

Nilikata tiketi mwezi ule ule kwa pesa za kukopa. Nimefika nyumbani nimegonga, kafungua yeye, miaka minane, kanambia shikamoo kama anavyoamkiwa mgeni, kisha kageuka kumwita mama yake. Amefika kati ya ua akasita. Akarudi.

Mwanzisha uzi

Kaka wa Maskati nimesoma hii nikaweka simu chini kwanza.

Mama Junior

Mpemba, Mungu akulindie huyo binti.

Mimi nitamtaja Thor. Siku ile watu walicheka sana alipotokea na tumbo, nywele hazijachanwa, pombe mkononi. Mimi sikuweza kucheka, nimemuuguza kaka yangu akiwa hivyo hivyo baada ya kufukuzwa kazi, na watu walimcheka pia. Ila picha ilinilipa pale anaporudi nyakati za nyuma anakutana na mama yake, siku ile ile ambayo mama atakufa, na mama anamuona tu anajua huyu si mwanangu wa leo, huyu ametoka mbali na ameumia. Hamgombezi kwa tumbo. Na kabla hajaondoka ananyoosha mkono nyundo inamjia, mwenyewe hakutegemea. Kaka yangu niliangalia naye, hiyo sehemu aliomba turudishe.

Mwanzisha uzi

Nmempigia mdogo wangu sasa hivi yuko Dodoma kikazi, nimemsomea story ya Mpemba na ya kibanda. Kanikumbusha Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alipofariki, alinipigia saa 11 alfajiri hajasema hata hallo, kasema tu "mfalme". Boseman alikua anaumwa saratani ya utumbo mpana miaka minne na hatukujua, ina maana siku ile anatoka kwenye ule mduara sisi tunapiga kelele, alikua tayari anaumwa. Tangu nijue hilo ile kutikisa kichwa siioni tena kama zamani.

Mzee wa deki, hiyo kopi iliyotafsiriwa unayo bado? Mdogo wangu anakuja Pasaka.

Mzee wa deki

Kibanda kilishavunjwa mkuu, pale sasa hivi wanauza kava za simu. Lakini mwenye kibanda ni jirani yangu na flashi anayo, namuona jioni. Kuna sehemu inaruka pale mwanzoni wakiwa angani, vumilia, kwenye nyundo haina tatizo.