Tupeane uzoefu: Wikiendi ya kiangazi St. Louis na familia nzima

MamaMapacha (Indianapolis):

Wadau, habari za jioni. Shule zimefungwa na hapa nyumbani kila siku swali ni moja: tunaenda wapi? Mwaka huu tuko na mama mkwe, amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, na miguu yake haiwezi mwendo mrefu. Ndege kwa watu saba hatuimudu. Mimi na baba watoto tumekubaliana St. Louis, Missouri, wikiendi moja ya Julai, kuondoka Ijumaa mchana na kurudi Jumapili jioni. Kutoka kwetu ni I-70 moja kwa moja, maili kama 240, na ukishaingia Illinois saa inarudi nyuma, kwa hiyo tutafika jua bado lipo.

Kilichonivuta ni kwamba bustani ya wanyama, makumbusho ya sanaa, makumbusho ya historia ya Missouri na kituo cha sayansi, kote huko kuingia ni bure, hata kwa wageni. Wakazi wa jiji na kaunti walipiga kura, kuanzia mwaka 1971, wakakubali kuzichangia sehemu hizi kupitia kodi yao ya mali. Kwa familia yenye watoto wengi hilo ni jambo kubwa, maana kwingine tiketi za bustani ya wanyama peke yake zinamaliza bajeti ya chakula.

Naomba uzoefu wa mliokwenda na watoto au wazee. Siku mliipangaje? Mlilala wapi, mlikula nini, kipi mngerudia na kipi hapana? Matangazo msinitumie, niambieni mlichokiona kwa macho yenu.

Dereva70 (Columbus, Ohio):

Dada, kabla hujalipia hoteli fungua ratiba ya besiboli. Uwanja wa Busch wa Cardinals uko katikati ya mji, na timu ikiwa nyumbani vyumba vya jirani vinapanda bei, maegesho nayo hivyo hivyo. Sisi tulisogeza safari mpaka wikiendi timu ilipokuwa ugenini, na pesa tuliyookoa ilitosha mafuta ya kwenda na kurudi.

La pili ni idadi ya watu chumbani. Hoteli nyingi hazizidishi wanne au watano. Kwa watu saba chukua vyumba viwili vyenye mlango wa katikati, na usiishie kubofya mtandaoni. Piga simu hotelini, wakuthibitishie kwa maandishi. Kuna hoteli ilitupokea usiku ikatupa vyumba ghorofa mbili tofauti, na sisi tuna watoto wadogo. Mke wangu alisimama pale mapokezi, hakupaza sauti, hakuondoka, mpaka wakatupangia upya. Uliza na gharama ya maegesho kwa usiku. Katikati ya mji hulipiwa mbali na chumba. Ukilala pembeni karibu na barabara kuu mara nyingi ni bure, na kifungua kinywa kimo.

Halafu ndani ya gari kisionekane kitu, si begi, si chaja. Asubuhi moja tulipita mtaa mmoja vioo vimemwagika barabarani, magari kadhaa yamevunjwa.

Shangazi_KC (Kansas City):

MamaMapacha, ratiba yote ipange kwa miguu ya mama mkwe, nyie wengine mtamfuata. Nilimpeleka mama yangu pale na ndivyo tulivyofanya.

Bustani ya wanyama iko ndani ya Forest Park, eneo kubwa la mapumziko la jiji. Muwe getini inapofunguliwa. Julai mji ule una joto lile lile la Dar mwezi wa pili, jasho halikauki, nyuzi 32 ni kawaida na hupita hapo. Ikifika saa sita mchana hata wanyama wamejichimbia kivulini. Ukiwahi, maegesho ya bure yapo kando ya barabara za ndani ya Forest Park. Yale ya bustani yenyewe yanalipiwa. Viti vya magurudumu vinakodishwa pale pale. Kuna na kitreni kidogo kinachozunguka bustani, hicho kina nauli, lakini mkatieni mama, atapumzika huku anaona.

Mama yangu amekulia Utete, kando ya Rufiji. Tulipofika kwa tembo akawaangalia weeee, kisha akasema, "Hawa si wetu." Kweli, wale ni tembo wa Asia, masikio madogo na mgongo umepinda kwa juu. Hapo ndipo akaanza kuwasimulia wajukuu tembo walivyokuwa wakitoka Selous kuingia mashambani, jinsi watu walivyokesha wakipiga madebe, na mahindi ya msimu mzima yalivyoisha usiku mmoja. Watoto wangu, ambao ukiwaanzishia habari za nyumbani wanatafuta simu, walikaa chini kwenye saruji wakamsikiliza mpaka mwisho.

Mbele kidogo kuna viboko, na kuna kioo cha kuwatazama ndani ya maji. Yule mnyama anatembea sakafuni kabisa, anakanyaga kwa ncha za vidole, anajisukuma, mwili wote ule unainuka taratibu na samaki wanamfuata. Mama aliweka kiganja kwenye kioo. Viboko amewajua maisha yake yote kwa kuwakimbia, kwa sababu pale mtoni wamechukua watu. Kutoka chini hakuwahi kumwona hata mmoja. Hakusema kitu, nami sikumharakisha.

Saa sita rudini hotelini. Watoto waogelee, bibi alale. Mtoke tena saa kumi na moja jua likishapungua, maana giza linaingia saa mbili na nusu usiku huko. Ikinyesha au joto likizidi, kituo cha sayansi kina viyoyozi, na kina daraja linalopita juu ya barabara ya I-64 ambapo watoto wanapima mwendo wa magari yanayopita chini. Wangu niliwatoa pale kwa kuwavuta.

MamaBoyz (Minneapolis):

Hamjambo watu wangu. Mimi ni mama wa vijana watatu, wale hawawezi kaa chini dakika mbili. Kwao nasema City Museum, hata kama ni ya kulipa. Usidanganywe na jina ukafikiria ni vitu vimewekwa ndani ya kioo. Ni jengo la zamani la kampuni ya viatu, mchongaji mmoja anaitwa Bob Cassilly na wenzake wakaligeuza mahali pa kupanda na kutambaa, likafunguliwa 1997. Kuna mapango, kuna njia za waya zimefumwa hewani mpaka kwenye miili ya ndege mbili nzee huko nje, kuna mtelezo wa ghorofa kumi, na basi la shule limesukumwa likatokeza kwenye ukingo wa paa. Kijana wangu wa pili aliingia hilo basi akasimama mahali pa dereva, barabara iko chini huko, akanyamaza. Huyo si mtoto wa kunyamaza.

Vaeni suruali ndefu nzito na raba. Kama wewe ni mtu wa dera ama buibui, weka suruali ndani, maana mtoto akiingia shimo utamfuata kwa magoti. Wengine wanakuja na pedi za magoti na wako sawa kabisa. Mwandikie kila mtoto nambari yako ya simu kwa mkono na kalamu isiyofutika, halafu mchague sehemu moja ya kukutania mkipoteana, kwa sababu mtapoteana. Nyanya asiende huko, atachoka bure.

MamaMapacha (Indianapolis):

Asanteni sana. Shangazi, habari ya kiboko nimemsomea mama mkwe kwa sauti, ameshasema yeye lazima aone. Sasa nina swali: pesa ya tiketi inatosha kitu kimoja tu cha maana. City Museum au kupanda lile tao kubwa la chuma, Gateway Arch?

Fundi_Lou (Louisville):

City Museum kwa watoto. Taoni nendeni pia, ila si lazima wote mpande. Makumbusho yaliyo chini ya lile tao ni bure, na kutembea kwenye majani hadi ukaligusa ni bure. Kusimama chini yake ukaangalia juu, chuma kitupu mita 192, na miguu yake imeachana mita hizo hizo 192, kunatosha. Aliyelibuni, Eero Saarinen, alifariki 1961 kabla ujenzi haujaanza, lilikamilika 1965.

Wanaotaka kupanda wakate tiketi mapema mtandaoni, wikiendi za kiangazi zinaisha, na mfike kabla ya muda kwa sababu ya ukaguzi wa mabegi. Mnaingia kwenye kijichumba chenye viti vitano, mlango mfupi, magoti yanagusana na ya wa mbele, dakika nne mko juu. Mke wangu hapendi sehemu finyu, akajaribu kwanza kile cha mfano kilichowekwa chini, akaamua kubaki. Kwa mama mkwe jibu ni hapana, kuna ngazi na kiti cha magurudumu hakifiki juu.

Hatua chache kutoka hapo kuna mahakama ya zamani, ile ambako Dred Scott na mkewe Harriet, Weusi waliokuwa watumwa, walifungua kesi mwaka 1846 kudai uhuru wao. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1857 wakanyimwa. Jengo lilikuwa kwenye ukarabati, limefunguliwa tena 2025. Watoto wenye umri wa kuelewa wapelekeni.

Mwana_Likasi (Cedar Rapids, Iowa):

Ndugu zangu, salamu kwenu wote. Nafurahi kuona wengine mnaitaja historia, kwa sababu mimi nilikwenda St. Louis kwa ajili hiyo hasa.

Hiyo Forest Park mnayoisifu, na ni nzuri kweli, ndipo yalipofanyika Maonyesho ya Dunia ya 1904. Watu karibu milioni 20 walihudhuria. Jengo la makumbusho ya sanaa pale juu ya kilima lilijengwa kwa ajili ya maonyesho hayo. Lile tundu kubwa la ndege ndani ya bustani ya wanyama nalo limebaki kutoka wakati huo. Na kati ya vilivyoonyeshwa walikuwemo watu. Mmoja aliitwa Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo yetu, wakati ule nchi ikiwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Inasimuliwa kwamba mke na watoto wake waliuawa na askari wa Leopold. Mmarekani aitwaye Samuel Verner ndiye aliyemleta. Meno yake yalikuwa yamechongwa, na wageni walilipa ili ayaonyeshe. Miaka miwili baadaye, 1906, akawekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Alijiua 1916 huko Lynchburg, Virginia. Baada ya 1906 hakurudi tena kwao.

Watoto wangu wamezaliwa hapa Iowa. Shuleni wanaulizwa wanatoka wapi. Mimi na mama yao tulikubaliana habari hii waisikie kwetu kwanza, tukiwa tumesimama palepale, kabla hawajaikuta kwenye simu wakiwa peke yao. Tulikaa kwenye majani juu ya kilima, mbele ya sanamu ya mfalme aliyepanda farasi, bwawa na chemchemi ziko chini, nikawasimulia polepole. Binti yangu mkubwa aliuliza kama kuna mtu aliyemtetea. Nilimjibu kwamba ndiyo, wachungaji Weusi wa New York walisimama wakapinga mpaka akatolewa kule kwenye nyumba ya nyani. Akataka kujua zaidi, tukashuka kwenye makumbusho ya historia, ambako kuna sehemu nzima ya maonyesho ya 1904.

Baadaye wadogo walibiringika kwenye kile kilima mpaka nguo zikawa kijani, nami niliwaacha wabiringike. Yote mawili waliyapata siku moja. Kama mnakwenda na watoto wa miaka kumi na zaidi, tafadhali msiipite habari hii.

Shangazi_KC (Kansas City):

Mwana_Likasi, Mungu akubariki kwa hili. Nimepita kilima kile sijui lolote kuhusu huyo ndugu yetu. Safari ijayo nitasimama.

Mpemba_Chi (Chicago):

Asalaam aleikum. Kwa wanaotafuta halali: St. Louis ina Wabosnia wengi sana, walikuja kama wakimbizi miaka ya 1990 na wamelifufua eneo la Bevo, kusini mwa mji. Tafuta ćevapi, ni vijisoseji vya nyama visivyo na ngozi, vinachomwa mkaani na kuletwa ndani ya mkate laini wa moto pamoja na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa. Watoto wangu waliozoea mishkaki walikula bila kubembelezwa. Uliza kama nyama ni halali kabla ya kuagiza, kwani si kila mkahawa. Mchana sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na matunda kwenye deli la barafu. Kula nje kila mlo kwa watu saba kunaumiza.

Kwa walio huku Chicago, treni ya Amtrak inachukua muda wa kama saa tano njiani, na watoto wa miaka 2 hadi 12 hulipa nusu. Dereva naye anapata kulala.

MamaMapacha (Indianapolis):

Basi naona Jumamosi asubuhi ni viboko, mchana kulala, Jumapili baba watoto awapeleke City Museum na mimi nibaki na mama kwenye makumbusho ya historia. Jumamosi jioni bado iko wazi. Nimesikia kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza wa nje, ni kweli kuna viti vya bure?

Shangazi_KC (Kansas City):

Kweli kabisa, unaitwa Muny, uko humo humo Forest Park, umeanza 1917. Una viti karibu 11,000, na kama 1,500 vya nyuma ni bure kila onyesho. Havina tiketi, anayewahi ndiye anayekaa, kwa hiyo mmoja wenu akapange foleni mapema na wengine wamlete mama baadaye kidogo. Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho. Chukueni darubini, jukwaa liko mbali, na kanga moja ya kutandika kwenye kiti.