Ni wakati gani wa kubadilisha vifaa vya kompyuta kwa ajili ya simyuleta ya ndege?

Rubani wa Kiembesamaki
11 Januari 2026, saa 3:20 usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo nimezidunduliza kwa mwaka mzima. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwishoni mwa 2019. Prosesa yake (ubongo wa mashine) ni Ryzen 5 2600, mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa) ni ya B450, RAM ni GB 16, kadi ya grafiki ni GTX 1660 Super, na skrini ni ya kawaida ya 1080. Ninatumia Microsoft Flight Simulator ya 2020 juu ya Windows 10. Safari yangu ya kila siku ni Cessna Caravan kutoka HTZA hadi HTPE, yaani Unguja hadi Pemba, na nia yangu haiishii kwenye burudani, kwa kuwa nimeomba nafasi ya mafunzo ya urubani huko Bara na ningependa nifike nikiwa nimekwisha kuzoea kushika kasi, kimo na mwelekeo kwa pamoja.

Tatizo langu ni kwamba safari huanza vizuri, kiasi cha fremu 35 kwa sekunde, yaani picha 35 zinazochorwa kila sekunde, lakini ninapoikaribia Mkoani picha huanza kukwama, na nikigeuka kuingia mkondo wa mwisho wa kutua ndege husogea kwa hatua hatua kana kwamba mtu anafunua kurasa za kitabu. Juzi picha ilisimama kama nusu sekunde wakati nilipokuwa nainua pua, nikachelewa, na ndege ikatangulia kugusa chini kwa gurudumu la mbele. Nairobi na Dubai nimeacha kwenda kabisa, maana huko fremu hushuka hadi 18.

Muuzaji mmoja mjini ananiambia ninunue kadi mpya ya grafiki. Rafiki yangu ananiambia niuze mashine nzima nianze upya, hasa kwa kuwa ninalitamani toleo la 2024. Je, mtu anajuaje kwamba wakati wa kubadilisha umefika, na aanze na kifaa kipi?

---

Fundi Vikokotoni
11 Januari 2026, saa 4:45 usiku

Wa alaykum salaam, kijana wangu.

Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na kilichonishika ni jambo ambalo wewe umelipita haraka, nalo ni kwamba safari huanza vizuri na shida huja baadaye. Kompyuta yenye uwezo mdogo huonyesha udogo wake tangu ukiwa umesimama maegeshoni, kwa sababu pale Unguja kuna majengo ya uwanja na mji mzima kando yake, ilhali ukiwa katikati ya bahari kuelekea Pemba hakuna cha kuchora ila maji na mawingu. Yako inafanya kinyume chake, yaani inauweza mji lakini inashindwa baharini. Hiyo ni dalili ya joto, na huu ni mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, na vyumba vyetu vya mabati jioni havipungui nyuzi 30.

Prosesa yako imewekewa kikomo cha nyuzi 95. Inapokaribia hapo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, nawe huoni onyo lolote, unaona fremu tu zinashuka. Weka HWiNFO, programu ya kupima hali ya vifaa, iache irekodi joto tangu unapowasha injini hadi unapotua Pemba, kisha utazame dakika ambayo picha ilianza kukwama ilikuwa nyuzi ngapi.

Mwezi uliopita nililetewa mashine kutoka Nungwi, katika nyumba iliyo hatua chache kutoka ufukweni. Mwenyewe alikuwa amekwisha agiza prosesa mpya kutoka Dubai. Nilipofungua ubavu nikakuta mapezi ya kipoza yamezibwa na vumbi lililoshikana na chumvi, gumu kama ukoko wa wali, hata hewa ya pampu haikulitikisa, na ikabidi nilikwangue kwa brashi ya rangi iliyochovywa kwenye spiriti. Krimu iliyo kati ya prosesa na kipoza ilikuwa imekauka na kubanduka vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Baada ya kusafisha na kupaka krimu mpya, mashine ileile ilishuka kwa nyuzi 19 ikiwa kazini. Prosesa ya Dubai ilipofika, nadhani aliiuza.

Ukiamua kuifanya kazi hii mwenyewe, kuna jambo moja nakuomba usilifanyie haraka. Iendeshe kompyuta kwa dakika kumi ili krimu ilainike, izime, uchomoe waya, halafu ukizungushe kipoza kidogo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Prosesa za AM4, yaani za aina ya kitako ulichonacho, zina pini upande wa chini, na kipoza kilichogandana nayo kikivutwa moja kwa moja huing'oa kutoka kwenye kitako chake, pini zikapinda, na hapo suala la kubadilisha vifaa litakuwa limeamuliwa bila ya wewe kutaka.

Ukishamaliza hayo, ndipo upime. Kwenye mipangilio ya simyuleta washa hali ya wasanidi (Developer Mode), kisha ufungue kipimo cha fremu. Kitakuonyesha muda ambao kila fremu inachukua kwa milisekunde, na kitakuambia kinachoizuia ni uzi mkuu wa prosesa (kazi kuu inayoendesha simyuleta) au ni kadi ya grafiki. Fremu 30 kwa sekunde maana yake ni kwamba kila fremu ina takriban milisekunde 33 za kukamilika, na yule anayechelewa kati ya wawili hao ndiye anayekupangia kasi. Ukitaka uthibitisho wa pili, punguza idadi ya pikseli kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, kadi mpya haitakusaidia chochote kwenye safari hiyo, hata uinunue ya bei gani.

---

Mpemba wa Wete
12 Januari 2026, saa 1:10 asubuhi

Ndugu yangu, hayo ya mwisho aliyoyasema Fundi yamenigharimu fedha nyingi, kwa hiyo naomba niyatilie mkazo.

Mimi natumia simyuleta nyingine, X-Plane 12. Mwaka juzi nilikuwa na hali kama yako nikiruka Nairobi, nikasikiliza ushauri wa muuzaji, nikaagiza kadi ya grafiki, nikaisubiri wiki mbili hadi ilipofika kwa meli, nikaifunga usiku uleule, na Nairobi ikabaki na fremu zake 20 bila ya kuongezeka hata moja. Kwenye X-Plane unabonyeza Ctrl na F tu, na maandishi yanatokea juu ya skrini. Laiti ningebonyeza kabla ya kununua, ningeona kwamba prosesa ilikuwa inatumia milisekunde 48 kwa kila fremu, huku kadi yangu ya zamani ikimaliza sehemu yake kwa milisekunde 21 na kukaa ikisubiri.

Kuhusu toleo la 2024, lifikirie pamoja na intaneti yako. Toleo la 2020 hujaza zaidi ya GB 100 kwenye diski, lakini la 2024 limeandikiwa GB 50 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ulimwengu wake huvutwa kutoka mtandaoni wakati uko angani. Watengenezaji wametaja kasi ya intaneti ya Mbps 10 (megabiti kwa sekunde) kuwa kiwango cha chini na Mbps 50 kuwa kiwango wanachokipendekeza. Kwa upande wa vifaa, prosesa ya chini waliyoitaja ya AMD ni Ryzen 5 2600X, kwa hiyo yako iko nje ya mlango kwa hatua moja. Mimi hapa Wete intaneti yangu haitulii kwa kiwango hicho, na ndiyo sababu nimebaki na simyuleta ambayo ardhi yake yote imo ndani ya diski yangu.

Naongeza jambo la umeme. Jioni moja ya masika umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Pawasaplai yangu, yaani kifaa kinachoipa kompyuta umeme, ambayo niliinunua kwa kufuata urahisi wa bei, ilitoa mlio mmoja mkali na harufu ya plastiki iliyoungua, na ilipokufa ikaondoka na diski. Kwa maoni yangu fedha ya kwanza iende kwenye pawasaplai ya kuaminika na UPS (betri inayoshikilia umeme unapokatika), na hesabu ya fremu ifuate baadaye. Unapochagua UPS tazama namba ya Wati, kwa kuwa iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya Wati 400.

---

Mwalimu wa Fizikia
12 Januari 2026, saa 10:30 jioni

Mwanangu, nimefurahi kusikia kwamba umeomba nafasi ya mafunzo, na Mwenyezi Mungu akufungulie njia.

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu kupima, ila swali lako lilikuwa la wakati, na naona halijajibiwa sawasawa. Kwa mtazamo wangu, wakati umefika pale ambapo safari unayoihitaji haiwezekani tena hata baada ya kusafisha mashine na kupunguza mipangilio. Toleo jipya kutoka madukani si sababu, na prosesa mpya iliyotangazwa Marekani si sababu. Kwa mtu anayejifunza kutua, fremu 30 zisizoyumba zinamfaa kuliko 50 zinazoanguka hadi 15, kwa sababu mkono wako hujifunza kutokana na picha inayoonekana, na picha inayoruka huufundisha mkono kuchelewa. Kugusa kwako kwa gurudumu la mbele ni jambo la kulichukulia kwa uzito, usije ukaenda na mazoea hayo kwenye ndege ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya kununua, shusha umbali wa undani wa ardhi kutoka 200 hadi 100, punguza ndege za kompyuta na magari ya uwanjani, na punguza kasi ya kuonyesha upya skrini za rubani, maana Caravan ya simyuleta ina skrini za kidijitali za G1000 na mzigo wa hizo hubebwa na prosesa. Mawingu na pikseli ni mzigo wa kadi, uyaache hadi kipimo kitakapokuambia vinginevyo.

Ikiwa baada ya hapo prosesa bado ndiyo inayozuia, usiuze mashine. Hapo simwungi mkono rafiki yako hata kidogo. Mazabodi ya B450 inaweza kupokea prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000, na kati ya hizo Ryzen 7 5700X3D ina kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96, ambayo simyuleta huifaidi sana kwa kuwa uzi mkuu hurudia rudia kutafuta data zilezile. Haiuzwi na kipoza, kwa hiyo kihesabu katika bei, kwani kile cha Wati 65 ulichonacho hakitaitosha katika kaskazi yetu. Ukiikosa, hata iliyotumika, Ryzen 5 5600 bado itakutoa mbali sana na hapo ulipo. Ukianza upya kwenye AM5, aina ya kitako iliyoifuata AM4, utalazimika kununua RAM za aina mpya ya DDR5, na bei za RAM zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba. Zako za DDR4 zinakutosha kwa sasa, zitunze.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa yako inakubalika na Windows 11, kwa hiyo hilo nalo halikulazimishi kununua kitu.

---

Rubani wa Kiembesamaki
24 Januari 2026, saa 2:05 usiku

Nimerudi na vipimo, na nawashukuru nyote kwa dhati.

Safari ya kwanza niliirekodi bila ya kugusa kitu. Joto la prosesa lilifika nyuzi 94 katika dakika ya kumi na sita, na kukwama kukaanza katika dakika ya kumi na saba, nikiwa bado juu ya bahari, kama alivyosema Fundi. Ijumaa baada ya sala nilifungua mashine. Vumbi halikuwa limeganda kama la Nungwi, lakini krimu ilikuwa imekauka kabisa. Nilikizungusha kipoza pole pole kama nilivyoelekezwa, na prosesa ilibaki kwenye kitako chake. Safari iliyofuata joto halikupita nyuzi 77, na nikatua Pemba kwa fremu 33 tangu mwanzo hadi mwisho. Nimetua mara kumi na moja wiki hii na gurudumu la mbele halijatangulia hata mara moja.

Nairobi imebaki palepale. Baada ya kupunguza mipangilio imefika fremu 23, kipimo kinasema uzi mkuu ndio unaozuia, na nilipopunguza pikseli hazikuongezeka. Kwa hiyo kadi siinunui. Nimeamua kununua UPS mwezi huu, na prosesa nitaifuata kabla ya mafunzo kuanza, na toleo la 2024 nitaliacha hadi intaneti ya nyumbani iwe na uwezo wa kulibeba. Jambo moja tu bado linanitatiza: Mwalimu, hiyo 5700X3D nikiipata, naitoa ya zamani na kuiweka mpya tu?

---

Mwalimu wa Fizikia
24 Januari 2026, saa 2:40 usiku

Hapana, mwanangu. Anza na kusasisha BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, tena ukiwa na 2600 yako bado imekaa mahali pake, kwa sababu mazabodi yenye BIOS ya 2019 haitaitambua prosesa mpya na skrini itabaki nyeusi. Pakua toleo jipya kutoka kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, uliweke kwenye flashi, na usilianzishe mpaka UPS iwe imefungwa na imejaa chaji, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza isiwake tena. Hapo Mpemba ana haki ya kusema kwamba UPS itangulie. Ikishawaka na namba ya BIOS mpya ikionekana, zima, ndipo umtoe mzee 2600.