Walioko Marekani: msimu wa chavua umeingia na madukani wanatuuzia vidonge hewa vya kuzibua pua!

Wakuu, salamu baadaye, leo nimevurugwa.

Niko Georgia, pembeni kidogo ya Atlanta. Anayeishi huku anajua mwisho wa Machi unavyokuwa. Gari uliliacha jeusi jana, asubuhi unalikuta la njano. Baraza njano, viatu njano, mvua ikinyesha hata maji ya mtaroni yana utandu wa njano. Tarehe 29 Machi 2025 walipima hewa ya Atlanta wakakuta chembe 14,801 za chavua kwenye mita moja ya ujazo, rekodi ya jiji zima, na kumbuka zikivuka 1,500 tu tayari wanasema hali ni mbaya kupindukia. Halafu ule unga wa njano tunaoulaani ni wa misonobari, chembe zake kubwa na nzito, wala sio mkorofi mkuu. Wanaotumaliza ni miti ya mialoni (oak) na wenzake, chavua yao ndogo, huioni kabisa lakini unaivuta.

Macho yanawasha mpaka unatamani uyatoe uyasuuze. Chafya za mfululizo, watu kazini wanakukwepa kama una corona. Usiku pua zote mbili zimeziba, unalala mdomo wazi, asubuhi koo limekauka kau.

Sasa hasira zangu ziko hapa. Unaingia duka la dawa, shelfu zima limejaa maboksi ya rangi rangi, yote yanaahidi kuzibua pua. Nikabeba moja, pembeni ya jina lina herufi PE. Nikameza kama walivyoandika, kila baada ya saa nne. Pua ni ile ile! Ndiyo nikageuza boksi nyuma, kwenye yale maandishi ya kusomea kwa tochi ya simu: fenilefrini, ndiyo hiyo PE yenyewe, miligramu 10.

Nikarudi dukani kumuuliza mfamasia. Hata macho hakuinua kwenye kompyuta yake. Akasema, "Aah, hiyo haisaidii sana. Inayosaidia tunayo huku ndani."

Huku ndani! Kwa hiyo inayofanya kazi imefichwa, isiyofanya kazi ndiyo imepangwa mbele na kubandikwa bei ya punguzo?

Kisa chenyewe ni hiki. Dawa ya zamani ya kuzibua pua ni sudoefedrini, ile ambayo boksi lake huwa na herufi D. Wahuni wakawa wanaipika kutengeneza madawa ya kulevya, methi, hivyo Bunge la Marekani likapitisha sheria, na tangu 2006 dawa hiyo inakaa nyuma ya kaunta. Haihitaji cheti cha daktari, ila unatoa kitambulisho, unasaini, na kuna kiwango usichoruhusiwa kuvuka kwa mwezi. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni kwamba viwanda havikutaka shelfu likae tupu, vikajaza hii fenilefrini. Ukiimeza, utumbo na ini vinaivunja karibu yote kabla haijafika puani. Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba ya kumeza haizibui pua. Kumi na sita kwa sifuri, hakuna hata mmoja aliyewatetea! Novemba 2024 FDA wenyewe wakapendekeza iondolewe. Pendekezo ni pendekezo, maboksi bado yapo na watu wanatoa dola zao.

Na wanaoliwa zaidi ni sisi. Mama kaja kuangalia wajukuu, Kiingereza cha kuungaunga, hawezi kwenda kaunta kuanza kuhojiwa na kuombwa kitambulisho. Anachukua kilicho mbele yake. Tena wengi mwaka wa kwanza hawaumwi chochote, mwili bado haujaijua miti ya huku. Misimu kadhaa ikipita ndiyo mzio (aleji) unaanza, na mtu anaamini ni mafua ya kawaida.

Kingine kinachonikera ni wale wa kugawiana vidonge kwenye chumba cha mapumziko. "Meza hii ya pinki, itakukausha." Ni difenhidramini hiyo, dawa ya mzio! Inakausha kweli, na inakulaza. Unampa mtu anayekwenda kupanda folklifti?

Na magrupu yetu ya WhatsApp, eti kula asali ya hapa hapa mjini mwili uzoee. Nyuki anafuata maua yenye nekta, na chavua inayotutesa inabebwa na upepo. Vinakutana wapi?

Kilichonisaidia mimi kipo kwenye shelfu lile lile, kona ya chini ambako hawabandiki matangazo: dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni. Haifanyi kazi papo hapo, inataka siku kadhaa za kupuliza bila kuruka, kwa hiyo anza Februari kabla miti haijachanua. Mdomo wa chupa uelekeze upande wa sikio, usipulize kwenye ukuta wa katikati ya pua, utatoka damu. Kwa chafya na muwasho, meza vidonge vya mzio vya setirizini au loratadini, na ile ya jina la duka lenyewe ni dawa ile ile kwa bei ya chini. Zile za kupuliza zinazozibua dakika hiyo hiyo, za oksimetazolini, siku tatu basi, ukizidisha pua inaziba kuliko mwanzo. Oga na osha nywele kabla ya kulala, madirisha funga hata kama hali ya hewa inashawishi. Ukisafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yachemshwe kwanza yapoe, usikinge ya bomba moja kwa moja.

Mwenye presha usikimbilie hiyo ya herufi D kabla hujaongea na mfamasia, inapandisha.

Walioko Ohio, Minnesota na Texas, kwenu madukani hali ikoje, wanawaambia ukweli au mpaka mbanane nao? Na muuza mafuta ya habat soda asije PM, tafadhali.