Kundi la Familia: Harbin, Januari

Mwajuma: Shikamoo shangazi. Tunataka siku mbili Harbin, kule kaskazini-mashariki ya China, tuone sanamu za barafu na theluji, katikati ya Januari. Tupangeje?

Shangazi (Beijing): Marahaba mwanangu. Kila mmoja athibitishe pasi yake kwenye 12306, programu ya tiketi za treni za China, leo hii. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla. Ukianza kuthibitisha siku hiyo, treni inajaa unatazama. Pandeni stesheni ya Beijing Chaoyang, mwendo wa saa tano hivi.

Kaka Idi: Pangeni kwa jua. Kule linazama kama saa kumi jioni! Sanamu za theluji za Sun Island zinataka jua la pembeni, vivuli ndivyo vinavyoonyesha michongo, kwa hiyo ziendeeni asubuhi. Ice and Snow World, ile bustani ya majengo ya barafu, ingieni saa nane na nusu mchana. Zote ziko kaskazini ya mto Songhua, metro laini ya 2. Kwenye Ice and Snow World mtayaona kwanza matofali ya barafu yalivyo, yale yanayokatwa mtoni Desemba, kisha taa zilizomo ndani yake ziwake mkiwa mmeshafika.

Mwajuma: Na ule mtelezo mkubwa wa barafu wa humo?

Kaka Idi: Mkiingia tu, nendeni huko. Giza likishaingia foleni ni ndefu mno.

Shangazi: Nguo sasa. Pamba isiguse mwili kabisa. Ndani ya majengo kuna joto, mtatoka jasho. Pamba ikilowa, ukitoka kwenye baridi ya nyuzi hasi 25 inakunyonya joto lote. Fulana ya sufu ya kubana, sweta, halafu jaketi la manyoya ya bata lifike mapajani. Viatu vizidi namba moja. Soksi mbili kwenye kiatu kinachobana zinazuia damu, ganzi inakuja upesi zaidi.

Sele: Vile vibandiko vya joto?

Shangazi: Juu ya nguo tu. Kwenye ngozi vinaunguza polepole, hushtuki. Na ngozi yetu nyeusi ikiumizwa na baridi usisubiri wekundu: angalia rangi ya kijivu na ganzi, hasa masikio. Ingia ndani, funika kwa kiganja. Usisugue!

Kaka Idi: Simu ikae mfuko wa ndani. Baridi inashusha volteji ya betri, inazima ikiwa na asilimia 40. Ikipata joto inarudi. Kamera ifungeni kwenye plastiki kabla ya kuingia ndani, umande ushike plastiki. Na bebeni yuan taslimu, simu ikizima hamlipi kitu.

Mwajuma: Sawa. Sele, picha ya pasi nitumie pembeni, siyo humu.