Naomba ushauri: Opinel No. 8 inakuwa ngumu kufunguka

Habari zenu wakuu. Ni kisu cha kukunja chenye bapa la sentimita 8.5 na mpini wa mbao. Mbao ikinyonya unyevu huvimba na kubana bapa hadi kucha haitoshi kulivuta. Lazima nigonge kitako cha mpini mezani. Nimeukausha, nikapitisha msasa namba 400 ndani ya mfereji ambamo bapa hulala na kupaka mafuta ya mbegu za kitani, lakini mvua zikianza unabana tena. Nahisi shida iko karibu na ribiti (pini ambayo bapa huzungukia), ambako msasa haufiki vizuri.

Sasa nataka kuchonga kwa tupa pengo la nusu duara ubavuni mwa mpini ili vidole viwili vishike bapa. Je, lianzie umbali gani kutoka kwenye pete ya kufungia, mbao isije ikapasuka? Na kwenye ribiti nitie nta iliyoyeyushwa au mafuta ya cherehani?